Ripo moja au ripo saba? Maswali tunayoulizwa kuhusu kupanga msimbo wa programu ya simu yenye moduli nyingi

Tuko wanne, chumba kimoja Kirumba, Mwanza, karibu kabisa na mwaloni kiasi kwamba harufu ya dagaa tumeshaizoea. Tunatengeneza programu ya Android ya kupokelea dagaa. Mitumbwi ikifika alfajiri, karani anaandika ndoo ngapi zimeshuka, kwa bei gani, nani amelipwa na nani bado anadai. Ziko programu mbili, ya karani na ya mnunuzi, na moduli kumi na moja ambazo programu hizo zinachangia. Maswali yaliyo hapa tumeulizwa na vijana wa mafunzo kwa vitendo, na wenzetu wa timu nyingine, na mara mbili tatu na wenye fedha.

Tunasema "msimbo" (maandishi ya programu, kwa Kiingereza "code") kwa makusudi. Ukitamka "kodi" mbele ya mfanyabiashara wa mwaloni, anadhani umetumwa na TRA.

Ripo ni nini na moduli ni nini? Naona watu wanazichanganya.

Ripo ni folda ambayo Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, inaitunzia historia: kila badiliko, nani kalifanya, lini. Git yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Moduli ni kipande cha programu kinachojengwa peke yake na kutaja wazi kinategemea vipande gani vingine. Kwenye Android, Gradle, yaani chombo cha kujengea programu, ndiyo inayozijua moduli, kupitia faili la `settings.gradle.kts`.

Ripo moja inaweza kubeba moduli hamsini bila kulalamika. Kosa la kawaida ni kudhani kila moduli ikizaliwa lazima ipewe ripo yake, kama mtoto na cheti cha kuzaliwa. Ukijiuliza habari ya moduli, unauliza nani anaruhusiwa kumwita nani ndani ya programu. Ukijiuliza habari ya ripo, unauliza mabadiliko yapi lazima yasafiri pamoja. Jibu la kwanza halikupi la pili.

Tuanze na ripo moja au kila moduli iwe na yake?

Anza na moja. Sisi hatukuanza hivyo, na tulilipia.

Tulikuwa na ripo saba. Tulisoma mahali kwamba ni usafi, kila mtu na eneo lake, na kwa miezi michache kweli palionekana pasafi. Kisha wanunuzi wakaomba jambo dogo. Mnunuzi humkopesha mwenye mtumbwi petroli ya kuingilia ziwani, kisha anakata deni lake dagaa wakishushwa. Walitaka karani aone deni la mafuta palepale anapopima ndoo.

Ni sehemu moja tu ya kujaza kwenye skrini. Lakini sehemu hiyo iligusa moduli ya `msingi`, ambako kumbukumbu ya mvuvi inakaa; `malipo`, ambako makato yanapigwa hesabu; `uzani`, na programu zote mbili. Hizo zilikuwa ripo tano. Maombi matano ya kukaguliwa, maktaba tatu (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) za kutolewa toleo jipya, na kila moja inamsubiri mwenzake. Ijumaa jioni mmoja wetu (simtaji, ila ndiye anayeandika hapa) aliunganisha `uzani` kabla `malipo` haijatolewa. Programu ya karani ikakataa kujengwa mpaka Jumatatu. Msimbo wenyewe ulichukua siku moja na nusu. Kuusafirisha kulichukua siku sita.

Waliowahi kwenda Sengerema kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025 wataelewa haraka. Gari lako limevuka na kivuko, la mwenzako lenye nusu ya mzigo limebaki ng'ambo kwenye foleni. Umefika lakini huna cha kufanya. Ndani ya ripo moja, badiliko la mafuta lingekuwa komiti moja, yaani badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia: ama limeingia lote ama halijaingia.

Mbona makampuni makubwa yana ripo nyingi?

Mengine yana nyingi, mengine yana moja. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walieleza kuwa sehemu kubwa ya msimbo wa kampuni hiyo inakaa kwenye ripo moja yenye mafaili yapatayo bilioni 1. Kampuni hiyohiyo inatunza msimbo wa Android katika mamia ya ripo za Git, na ikabidi itengeneze chombo maalumu, kinachoitwa `repo`, cha kuzivuta zote kwa pamoja. Kwa hiyo ukimtaja Google kwenye mabishano haya, mwenzako naye atamtaja Google. Tazama timu yako.

Basi lini nitenganishe?

Sababu ya kwanza ni siri. Ruhusa za kusoma kwenye GitHub na GitLab, tovuti zinazohifadhi ripo, hutolewa kwa ripo nzima, si kwa folda. Ukiwa na kibarua wa muda ambaye hapaswi kuona msimbo wa malipo, folda haitamzuia. Faili la `CODEOWNERS` linapanga nani akague badiliko la folda gani, na tunalitumia, lakini halimfichi mtu chochote.

Sababu ya pili ni mteja mwingine. Tuna maktaba ndogo inayoongea na printa za risiti za Bluetooth, zile za kushika mkononi. Mradi mwingine kabisa, usiohusiana na samaki, unaitumia. Ina ripo yake, ina namba zake za toleo, na tunaibadilisha kwa heshima kwa sababu tukiivunja tunamuumiza mtu ambaye hayumo chumbani.

Ya tatu ni mwendo. Seva yetu imeandikwa kwa lugha nyingine, tunaweza kuipandisha mara tatu kwa siku, na toleo la zamani halibaki popote. Programu ya simu ikishatoka, imetoka. Wapo makarani Ukerewe wanaotumia toleo la miezi minne iliyopita. Vitu vya mwendo tofauti namna hiyo vinaweza kukaa mbalimbali. Hapa nakiri timu yetu haijakubaliana. Mmoja wetu anataka seva nayo irudi ndani, ili makubaliano ya data kati ya seva na simu yabadilike kwa komiti moja. Namwelewa, lakini bado sijakubali, maana komiti moja inaweza kumdanganya mtu kwamba simu zote zimebadilika siku hiyohiyo.

"Moduli imekuwa kubwa" si sababu. "Tunataka ionekane ya kitaalamu" ndiyo kabisa usiilete.

Folda zipangweje ndani ya ripo moja?

Yetu iko hivi:

```
programu/
  karani/
  mnunuzi/
moduli/
  msingi/
  muonekano/
  sinkroni/
  uzani/
  malipo/
  bei/
  ...
gradle/
  libs.versions.toml
settings.gradle.kts
```

Gawanya kwa kazi ambazo mtu wa mwaloni angezitambua. Muulize karani, "Unafanya nini hapa?" Atakwambia anapima, analipa, anauliza bei. Hizo ndizo moduli. Tulipoanza tuligawanya kwa tabaka: moduli ya skrini zote, moduli ya hifadhidata yote, moduli ya mtandao wote. Matokeo yake kila kazi mpya iligusa zote tatu, na watu wawili wakawa wanagongana kwenye mafaili yaleyale kila siku.

Kanuni yetu ya utegemezi ni moja. Programu zinaita moduli za kazi. Moduli za kazi zinaita `msingi`, `muonekano` na `sinkroni`. Moduli ya kazi haimwiti jirani yake. `uzani` ikihitaji kujua deni la mafuta, haigongi mlango wa `malipo`. Inatumia kiolesura (maelezo ya kinachoweza kuulizwa, bila kusema kinavyofanyika) kilichoandikwa `msingi`, halafu programu ya karani ndiyo inayowakutanisha. Gradle inakataa moduli mbili zinazotegemeana kwa mzunguko, ila haikatazi `uzani` kuitegemea `malipo` kwa upande mmoja. Hilo mnalikagua wenyewe kwa macho, mkisoma mistari ya `implementation(project(":moduli:..."))`.

Jihadharini na `msingi`. Kila asiyejua aweke wapi kitu anakitupia huko. Yetu ilifika mahali ikabeba hadi picha za samaki.

Submoduli za Git si ndizo suluhisho?

Zinafanya kazi. Submoduli ni alama ndani ya ripo yako inayosema, "hapa pana ripo nyingine, na mimi nataka komiti yake hii." Maumivu yako kwenye hilo neno "hii". Mwenzako akibadilisha submoduli, akapushi (akatuma mtandaoni) ripo kubwa na kusahau kupushi ile ndogo, wewe unavuta alama inayoonyesha komiti isiyokuwepo popote isipokuwa kwenye laptopu yake, na yeye yuko kwenye meli ya Nansio hana mtandao.

Kama lazima mzitumie, kila mtu aweke mpangilio huu, utakaozuia kupushi kwa namna hiyo:

`git config push.recurseSubmodules check`

na anayekloni, yaani anayejivutia nakala ya ripo, akumbuke `git clone --recurse-submodules`, la sivyo atakuta folda tupu na kuja kukuuliza msimbo umeenda wapi. Sisi tunaona submoduli inafaa kwa kitu cha mtu mwingine kinachobadilika mara chache. Kwa moduli mnazozigusa kila siku, hapana.

Tayari tuna ripo saba. Tunaziunganisha vipi bila kupoteza historia?

Chombo kinaitwa `git filter-repo`. Hakiji na Git, unakisakinisha kando. Fanya kazi kwenye kloni mpya kabisa, usitumie folda yako ya kila siku. Kwanza unaisogeza kila ripo ndogo ndani ya folda yake ya baadaye, katika historia yake yote:

`git filter-repo --to-subdirectory-filter moduli/malipo --tag-rename '':'malipo-'`

Hiyo ya pili, `--tag-rename`, inaongeza jina mbele ya tagi (lebo inayobandikwa kwenye komiti, kama namba ya toleo), kwa sababu ripo zote saba zina tagi ya `1.0.0` na zingegongana. Kisha ndani ya ripo kubwa:

`git remote add malipo ../malipo`
`git fetch malipo`
`git merge --allow-unrelated-histories malipo/main`

Bila lile neno refu, Git itakataa kuunganisha historia mbili zisizo na asili moja. Imekuwa hivyo tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016. Rudia kwa kila ripo.

Namba za komiti zote za ripo ndogo zitabadilika, kwa hiyo viungo vya zamani vilivyo kwenye ripoti za hitilafu havitaonyesha mahali. Zile ripo za zamani msizifute. Zifungeni zisomwe tu. Na chagueni siku ambayo hakuna tawi (mkondo wa kazi wa pembeni) lililo wazi. Sisi tulitangaza siku tatu kabla, lakini bado mtu mmoja alikuwa na kazi ya wiki mbili kwenye laptopu ambayo hakuwa ameipushi. Tulimsubiri.

Ripo moja ni nzito. Bando langu litaisha nikikloni.

Swali hili vitabu vingi havilijibu kwa sababu waandishi wake hawanunui bando la siku.

Ukihitaji hali ya leo tu, `git clone --depth 1` inaleta komiti ya mwisho bila historia. Ukihitaji historia ila si kila faili la kale, `git clone --filter=blob:none` inaleta orodha ya komiti na kuchukua yaliyomo pale unapoyahitaji. Angalia hapo: "pale unapoyahitaji" maana yake unahitaji mtandao wakati huo. Ukiwa kisiwani bila mtandao halafu ukataka kuona nani aliandika mstari fulani, utakwama. Ukitaka folda chache tu zionekane kwenye diski, ipo `git sparse-checkout`.

Ila kwa mtu wa mbali dawa tunayoipenda ni flashi. Git ina amri inayofunga ripo nzima kuwa faili moja:

`git bundle create kirumba.bundle --all`

Mwenzako anachomeka flashi, anaandika `git clone kirumba.bundle programu`, na anapata kila kitu, historia na matawi. Baada ya hapo tunafunga tofauti tu. Tunaweka tagi mahali tulipoishia:

`git bundle create wiki-hii.bundle flashi-mwisho..main`

Faili la wiki huwa dogo, linapita hata kwa WhatsApp. Yeye anafanya `git pull wiki-hii.bundle main`. Mwenzetu aliyekuwa Ukerewe kuwafundisha makarani alifanya kazi hivyo karibu mwezi mzima.

Na kabla ya kulaumu ripo, angalia kilichoinenepesha. Mara nyingi ni video ya maonyesho mtu aliyoikomiti zamani. GitHub inakataa faili linalozidi MB 100, lakini la MB 90 linapita na onyo tu, na likishaingia kwenye historia kila anayekloni yote analivuta, hata kama mlilifuta siku ya pili.

Nini kisiingie kabisa kwenye ripo?

Folda za `build/` na `.gradle/`, kwa sababu zinajengwa upya. `local.properties`, kwa sababu njia ya SDK (zana za kutengenezea programu za Android) kwenye mashine yako si ya mwenzako. Funguo za kutia saini, yaani faili la `.jks` au `.keystore`, pamoja na nenosiri lake. Weka majina hayo kwenye `.gitignore` ya mzizi siku ya kwanza, kabla ya komiti ya kwanza; faili lililokwisha kukomitiwa halitoki kwa sababu tu umeliandika humo baadaye.

Kinyume chake, `gradlew` na `gradle-wrapper.jar` ziingie. Kila mwaka kijana mmoja anazitoa akidhani anasafisha.

Kama nenosiri limeshapushiwa, usihangaike kwanza kulifuta. Libadilishe. Chukulia limeshasomwa. Kusafisha historia kunafuata, kwa `git filter-repo` hiyohiyo. Na kwa ufunguo wa kupandishia programu, programu mpya za Google Play tangu Agosti 2021 hutiwa saini ya mwisho na Google, kwa hiyo ufunguo wako wa kupandishia ukipotea au ukivuja unaweza kuomba kuweka mwingine. Programu za zamani zilizobaki na ufunguo wao wenyewe hazina bahati hiyo.

Tuwe na matawi mangapi?

Moja la kudumu, `main`, na matawi mafupi ya kazi yasiyozidi siku mbili tatu. Tukikaribia kutoa toleo tunakata tawi kama `toleo/karani-2.14`, tunarekebisha humo kinachohitaji kurekebishwa, na kila rekebisho linarudi `main`. Tagi zinataja programu kwanza: `karani-2.14.0`, `mnunuzi-1.9.2`. Ndani ya ripo moja, tagi ya `2.14.0` peke yake haimwambii mtu kitu.

Kalenda ya kutoa matoleo haikutoka kwenye kitabu chochote cha programu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, na wavuvi wengi wanapumzika na kushona nyavu. Siku hizo mwalo unatulia na karani ana muda wa kupiga simu kulalamika. Ndipo tunapotoa. Tuliwahi kutoa toleo katikati ya giza, foleni ya ndoo ikiwa ndefu, skrini ya kupimia ikaganda. Karani alirudi kwenye daftari, na ilituchukua wiki mbili kumshawishi alifunge tena.

Kila moduli itaje yenyewe matoleo ya maktaba inazotumia?

Hapana. Yote yakae kwenye `gradle/libs.versions.toml`, mahali pamoja. Moduli inataja jina tu.

Seva ya ujenzi inajenga kila kitu hata nikirekebisha neno moja. Tufanyeje?

Washeni kache ya Gradle kwanza, yaani hifadhi ya matokeo ya ujenzi uliopita. Moduli isiyoguswa haijengwi upya. Kisha mpange kazi kwa folda: badiliko lililo ndani ya `moduli/bei` pekee lijaribu `bei` na programu zinazoitegemea. Badiliko la `msingi` lijaribu vyote, msitafute njia ya mkato hapo.

Sisi tunatumia Flutter. Haya yanatuhusu?

Ndiyo, hata kwa Flutter, chombo cha kutengeneza programu za simu kwa lugha ya Dart, majina tu yanabadilika. Badala ya moduli za Gradle mna vifurushi, na kila `pubspec.yaml` inataja jirani yake kwa `path: ../msingi`. Tangu Dart 3.6 zipo pia nafasi-kazi zinazofanya vifurushi vyote vya ripo vikubaliane matoleo ya maktaba.

Nimevuta mabadiliko, Git inasema kila mstari wa kila faili umebadilika.

Mmoja wenu yuko Windows, mwingine Linux, na miisho ya mistari haifanani. Wekeni `.gitattributes` yenye `* text=auto` kwenye mzizi, mkomiti mara moja, na mwambiane. Mkiwa hapohapo, kumbukeni Windows haitofautishi `Uzani.kt` na `uzani.kt`, lakini seva ya ujenzi ya Linux inatofautisha.

Ujumbe wa komiti tuandike kwa Kiswahili?

Sisi tunaandika kwa Kiswahili, tukianza na jina la moduli: "malipo: kata deni la mafuta kabla ya ushuru". Ile maktaba ya printa ina wageni, huko tunaandika Kiingereza. Ujumbe wa "marekebisho" peke yake unarudishwa kwa mwenyewe, kwa lugha yoyote.

Umeme ulikatika nikiwa nakomiti. Sasa inasema faili la kitu fulani ndani ya `.git/objects` ni tupu.

Usifute chochote. Nakili folda nzima, pamoja na `.git`, uiweke pembeni. Kisha kloni ripo upya kwenye folda nyingine, na ulete mafaili yako ya kazi kutoka kwenye ile nakala. Hayo kwa kawaida hayajaguswa, kilichoharibika ni kumbukumbu za Git. `git status` kwenye kloni mpya itakuonyesha kilichokuwa hakijapushiwa. Kama kulikuwa na komiti kadhaa ambazo hukuwa umezipushi, endesha `git fsck --full` kwenye nakala uone zipi bado zinasomeka, na utuite kabla hujaanza kubahatisha. Tuko ofisini hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa umeme ukiwa umekatika na kwetu pia.